Kamera Ni Nzito

Nina tabia moja inayowakera watu ninaokwenda nao sinema. Filamu ikiisha na taa zikawashwa, wenzangu huanza kukusanya mabegi na kupigana vikumbo kuelekea mlangoni. Mimi nabaki nimekaa. Nasoma majina. Aliyeongoza, aliyehariri, aliyepiga picha, aliyeshika taa, aliyebeba waya, aliyepika. Yanapita haraka, maandishi madogo meupe juu ya weusi, na mara nyingi mhudumu wa ukumbi ameshaanza kufagia bisi kabla sijafika nusu.

Nilianza tabia hii nikiwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili. Nilitaka kuandika tasnifu kuhusu wanawake wanaofanya kazi nyuma ya kamera, na nilidhani sehemu rahisi zaidi itakuwa kuhesabu. Sikujua kwamba lugha yangu mwenyewe itanitatiza. Kiswahili hakina "yeye" wa kike na "yeye" wa kiume. Mwongozaji amefika, mhariri amechelewa, mpiga picha ana njaa: hakuna mahali katika sentensi hizo panapokuambia kama ni baba au mama. Ukisoma orodha iliyoandikwa kwa Kiswahili, ufundi wote unaonekana wazi kwa kila mtu, kama baraza lisilo na mlango.

Lakini kwenye seti hakuna anayesema mpiga picha. Watu husema kameramani. Akitokea msichana, husema kameramani wa kike, kwa sauti ileile ya mtu anayesimulia kwamba ameona mbuzi juu ya mti. Sijawahi kusikia mtu wa mekapu akiitwa mekapu wa kike.

*

Kabla sijarudi chuoni nilipata kazi katika tamthilia moja ya televisheni iliyokuwa ikirekodiwa nje kidogo ya Dar es Salaam. Niliingia kama msaidizi wa kamera. Kazi ya msaidizi si ya kujivunia: unabeba lenzi, unachaji betri, unafuta vumbi, unakumbuka kadi ipi imejaa na ipi bado. Ila ndiyo njia. Leo unabeba lenzi, kesho unarekebisha fokasi, na miaka ikipita mtu anakuachia kamera uendelee mwenyewe. Katika ufundi huu hakuna njia nyingine iliyo fupi kuliko hiyo.

Siku ya tatu, mkuu wa kitengo chetu aliniita pembeni. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa maji ya chupa kwanza. Kisha akasema, "Dada, kamera ni nzito, utaumia bure. Nenda kasaidie kule kwenye mekapu, kuna kivuli."

Nikaenda. Hilo ndilo ninalolikumbuka kwa aibu zaidi kuliko maneno yake: nilienda, na nikashukuru. Nilikuwa nimekaa kwenye kile kivuli, nimeshika boksi la poda, nilipomwona mama lishe wetu akipanda kutoka barabarani. Kichwani alikuwa na sufuria la wali lenye kutosha watu thelathini, mkono wa kulia ndoo ya maharage, wa kushoto galoni la maji. Hakuna aliyemwambia kwamba wali ni mzito.

Kamera ile, na lenzi yake na betri yake, haikufika kilo saba.

*

Miezi michache baadaye, darasani, tulioneshwa *These Hands* ya Flora M'mbugu-Schelling, Mtanzania, filamu ya mwaka 1992. Ni filamu ya dakika zipatazo arobaini na tano kuhusu wanawake wanaoponda kokoto katika machimbo karibu na Dar es Salaam, wengi wao wakimbizi kutoka Msumbiji. Hakuna sauti ya mtu anayekueleza uone nini. Kuna nyundo, jiwe, mkono. Kuna mtoto karibu na mama yake. Kuna vumbi. Kuna wimbo unaozuka katikati ya kazi, na kazi haisimami.

Mara ya kwanza niliona ni filamu ndefu kuliko ilivyo. Mara ya pili nikaelewa kwamba urefu huo ndio hoja yake. Jiwe moja kubwa haliwi kokoto kwa pigo moja, na mwongozaji amekataa kutufupishia. Filamu nyingi kuhusu umaskini wetu zina haraka ya kufika kwenye machozi. Hii haina haraka ya kufika popote. Inakaa chini, usawa wa mwanamke aliyekaa chini, na kumwangalia akifanya kazi kama tunavyomwangalia fundi. Ndiyo maana haimdhalilishi. Huruma ingeanzia usoni. Yeye ameanzia mikononi, mahali penye ujuzi.

Mwalimu alipouliza tumeona nini, wenzangu wengi walijibu kwamba wameona umaskini, ukimbizi, unyonge wa mwanamke. Mimi nilikuwa nawaza uzito. Wanawake wale wanainua mawe tangu asubuhi hadi jioni, na aliyewasimulia ni mwanamke aliyeingia machimboni kutengeneza filamu mwaka 1992, wakati vifaa vilikuwa vikubwa kuliko vya leo. Ilikuwaje basi mimi, zaidi ya miaka ishirini na tano baadaye, niondolewe kwenye kamera ya kilo saba kwa ajili ya afya yangu? Na kwa nini nusu ya darasa letu, darasa la filamu, katika mji uleule, hawakuwa wamewahi kulisikia jina la Flora M'mbugu-Schelling?

*

Mtu atasema haya ni mambo yetu, kwa kuwa tumechelewa. Si kweli. Tuzo za Oscar zilianza kutolewa mwaka 1929. Mwanamke wa kwanza kuteuliwa katika tuzo ya upigaji picha alikuwa Rachel Morrison, kwa filamu ya *Mudbound*, na hiyo ilikuwa mwaka 2018. Karibu miaka tisini. Katika tuzo ya uongozaji, mwanamke wa kwanza kushinda alikuwa Kathryn Bigelow, mwaka 2010, kwa *The Hurt Locker*. Tazama tofauti ya miaka hiyo miwili. Hata pale ambapo mwanamke alikwisha kukubaliwa kuongoza, bado hakuwa ametajwa hata mara moja miongoni mwa wapiga picha bora. Mwaka huohuo wa 2018 Morrison huyohuyo alikuwa amepiga picha za *Black Panther*, filamu ambayo nina hakika hata yule mkuu wangu wa kitengo aliitazama na kuisifia. Sidhani kama alimsoma jina.

Afrika nayo ina kinaya chake. Tamasha kubwa la filamu barani, FESPACO, hufanyika Ouagadougou, Burkina Faso, tangu mwaka 1969. Tuzo yake kuu inaitwa Farasi wa Dhahabu wa Yennenga. Yennenga, katika masimulizi ya Wamossi, ni binti mfalme aliyepanda farasi na kupigana vita. Sanamu ya tuzo hiyo ni yeye, mkuki mkononi, farasi amesimama kwa miguu ya nyuma. Tuzo imetolewa tangu mwaka 1972, na hadi tamasha la mwaka 2025 hakuna mwanamke hata mmoja aliyewahi kuitwaa. Mwaka 2023 walikaribia: farasi wa fedha alikwenda kwa Apolline Traoré wa Burkina Faso kwa filamu ya *Sira*, na wa shaba kwa Angela Wamai wa Kenya kwa *Shimoni*. Wa dhahabu alichukuliwa na mwanamume. Kwa zaidi ya miaka hamsini wanaume wamekuwa wakipanda jukwaani na kukabidhiwa mwanamke aliye juu ya farasi.

*

Hapo ndipo rafiki zangu wa Nairobi hunikata kauli. "Njoo kwetu," wananiambia. Na wana haki. Ukitaka kutaja waongozaji waliojenga sinema ya Kenya, huwezi kuanza bila wanawake: Anne Mungai na *Saikati* ya mwaka 1992, Judy Kibinge na *Dangerous Affair* na baadaye *Something Necessary*, Hawa Essuman na *Soul Boy*, Wanuri Kahiu ambaye *Rafiki* yake ya mwaka 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa katika tamasha la Cannes, huku nyumbani ikipigwa marufuku hadi Mahakama Kuu iliporuhusu ioneshwe kwa siku saba. Sijui nchi nyingine nyingi ambazo orodha yake ingesomeka hivyo.

Kwa muda nilifikiri tasnifu yangu imekufa. Kisha nikarudi kwenye tabia yangu ya kusoma majina hadi mwisho. *Rafiki* imeongozwa na mwanamke, inahusu wasichana wawili, ina rangi za waridi na zambarau ambazo watu wengi wanazikumbuka kuliko hata mazungumzo yake. Mpiga picha mkuu ni Christopher Wessels. Kazi yake ni nzuri na sina neno juu yake. Ninachosema ni kwamba nilikuwa nahesabu kiti kimoja tu. Nilikuwa nauliza nani kaketi kwenye kiti cha mwongozaji, halafu nafunga daftari, wakati seti ina watu thelathini au arobaini, na walioshika kamera, taa na sauti ndio wanaojifunza kazi itakayowalisha filamu hiyo ikisahaulika.

Mwongozaji mmoja mwanamke hubadilisha filamu moja. Msaidizi wa kamera akiachwa abaki kwenye kamera, huenda akapiga picha za filamu ishirini.

Naomba nisieleweke vibaya hapa, kwa sababu kuna hoja moja ambayo hutolewa kwa nia njema na mimi siipendi. Inasema tunahitaji wanawake nyuma ya kamera kwa kuwa wao huona kwa namna nyingine, kwa upole zaidi, kwa moyo zaidi. Wanaoitoa hupenda kutaja *Atlantique* ya Mati Diop, iliyopata Grand Prix kule Cannes mwaka 2019, iliyopigwa picha na Claire Mathon: bahari ile ya Dakar inayoonekana kama mtu anayepumua, usiku ule wenye jasho. Naipenda filamu hiyo. Lakini bahari ile haikupatikana kwa sababu Mathon ni mwanamke. Ilipatikana kwa sababu ni fundi, na akawa fundi kwa kuwa kwa miaka mingi aliachwa afanye kazi.

Hoja ya jicho la kike ina mtego. Inamwambia mwanamke: utaingia, ila uje na machungu ya kike. Na kwetu Afrika Mashariki mtego huo una fedha ndani yake. Wanawake wengi hupata mradi wao wa kwanza kutoka shirika linalotaka filamu fupi kuhusu ndoa za utotoni, ukeketaji au ukatili wa nyumbani. Ni mambo ya kweli na lazima yasemwe. Lakini nani anampa msichana fedha ya kutengeneza filamu kuhusu jambazi, au mzimu, au timu ya mpira?

*Binti* ya Seko Shamte, ya mwaka 2021, iliyotayarishwa na ndugu wawili, Angela na Alinda Ruhinda, ina wanawake wanne wa Dar es Salaam na hadithi zao nne. Watu walipoijadili mbele yangu, waliijadili kama ripoti: inasema nini kuhusu ndoa, inasema nini kuhusu uzazi. Ni wachache waliouliza imejengwaje, kwa nini hadithi nne na si moja, kwa nini kila mwanamke anaachiwa nafasi yake kabla hatujaona wanavyogusana. *Shimoni* imekwenda njia ya pili. Angela Wamai, ambaye alikuwa mhariri kabla ya kuongoza, ametengeneza filamu kuhusu mwanamume anayetoka jela na kurudi kijijini, mwanamume asiyesema sana, mwenye jambo zito alilotendewa na alilotenda. Mikato yake ni ya mtu anayejua kwamba kimya kikikatwa mapema kinakuwa adabu tu, na kikiachwa kinakuwa hofu. Hapo hakuna wa kusema ni machungu ya kike. Panabaki ufundi, na ufundi unasimama wenyewe.

*

Sasa nifike kwenye sehemu ambayo nimekuwa nikiizunguka.

Mwaka jana nilitengeneza filamu yangu ya masomo. Dakika kumi na mbili, siku tatu za kurekodi, fedha ya kuunga-unga. Nilikuwa na mwenzangu wa darasa, msichana, aliyetaka kuipiga picha. Alikuwa na jicho. Tulikuwa tumetazama naye *These Hands* bega kwa bega. Na mimi, mwenye tasnifu kuhusu wanawake nyuma ya kamera, nilimchagua kijana mwingine.

Sababu yangu ilikuwa na akili. Kijana yule alikuja na kamera yake, lenzi tatu, taa mbili na tripodi. Rafiki yangu alikuja na mikono yake. Kumchagua yeye kulimaanisha kukodi kila kitu, na fedha hiyo sikuwa nayo. Mwenye kisu kikali ndiye hula nyama.

Baadaye ndipo nilipojiuliza kisu kile kilinunuliwa na nini. Nilimuuliza mwenyewe, akanijibu bila kificho: harusi. Kwa miaka minne alikuwa akirekodi harusi Ijumaa na Jumamosi, send-off Alhamisi, ubarikio Jumapili. Hiyo ndiyo shule ya filamu ya mji huu. Vijana wengi ninaowajua wenye kamera wamezipata ukumbini, kati ya keki na kwaito. Na harusi huisha saa saba usiku, saa nane. Kijana akirudi nyumbani saa tisa na begi la kamera mgongoni, mama yake anasema mwanangu anahangaika. Msichana akirudi saa hiyo, hata kama begi ni hilohilo, kuna kikao cha familia Jumapili. Rafiki yangu alijaribu harusi mbili. Baada ya ya pili, kaka yake alimwambia achague kamera au nyumba.

Kwa hiyo ule usawa niliokuwa nautafuta kwenye orodha za majina ulikuwa umekatwa mapema zaidi, mlangoni kwa mtu, saa tisa za usiku. Hakuna tamasha linaloweza kuhesabu hilo. Mimi nilipokuja na sababu yangu yenye akili, nilikuwa napigia mhuri jambo lililokwisha kuamuliwa na wengine. Yule mkuu wa kitengo aliniambia kamera ni nzito. Mimi nilimwambia rafiki yangu bajeti ni ndogo. Sote wawili tulizungumza kwa upole.

*

Kuna sehemu moja ambapo hesabu inageuka. Mwezi wa nane nilialikwa kitchen party ya binamu yangu. Kama unavyojua, wanaume hawaingii. Katikati ya ukumbi alikuwapo dada mmoja wa makamo, amefunga kanga kiunoni, kamera begani. Alijua ngoma inakwenda wapi kabla haijafika. Somo alipopiga magoti kumfundisha bibi harusi jambo ambalo siwezi kuliandika hapa, yule dada alishusha kamera mwenyewe, bila kuambiwa, akasubiri, akaiinua tena kicheko kilipoanza. Niliongea naye wakati wa chakula. Aliniambia amekuwa akifanya kazi hiyo kwa miaka kumi na moja na hapungukiwi wateja: kitchen party, singo, maulidi ya akina mama. Anafahamika kutoka Magomeni hadi Mbagala. Kamera ni yake, na ameshabadilisha mara tatu.

Nikamuuliza kama hajawahi kufikiria filamu. Akacheka. "Mwanangu, nani ataniita?"

Nilikaa na swali hilo. Mahali ambapo mwanamume hawezi kuingia, mwanamke ameonekana kuwa anaweza kila kitu: kubeba, kulenga, kuwasha taa, kulipwa, kununua kamera nyingine. Mlango ukifunguliwa kwa wote, ghafla kamera inakuwa nzito. Sijapata ushahidi bora kuliko huo wa kwamba tatizo halijawahi kuwa mabega yetu.

*

Filamu yangu bado haijawasilishwa. Wiki iliyopita niliifungua kurekebisha sauti, nikafika mwishoni, na kwa mara ya kwanza nikasoma orodha yangu mwenyewe kama ninavyosoma za wengine. Tulikuwa watu tisa, wanawake wanne: mimi, mekapu, mavazi, chakula. Kisha nikakumbuka kwamba tulikuwa watu kumi.

Rafiki yangu alikuja usiku wa pili. Hakuwa na kinyongo, au alikificha. Taa moja ilikuwa imeungua na kijana wetu hakujua la kufanya. Yeye ndiye aliyeondoa shuka jeupe kitandani, akalitundika dirishani, akapitisha mwanga wa taa iliyobaki kutoka nje, na chumba kikawa na ule ubaridi wa mbalamwezi ambao kila aliyeiona filamu ananisifia. Ananisifia mimi. Kwenye orodha, chini ya neno Taa, kuna jina la kijana. La rafiki yangu halipo popote. Sikuliondoa kwa makusudi. Nilisahau, na kusahau huko ndiko nilikokuwa nakiandikia tasnifu.

Nilimpigia simu. Nikamwomba radhi, naye akasikiliza kimya. Siku hizi anafanya kazi ya huduma kwa wateja, zamu ya mchana. Aliniuliza jambo moja tu: neno litakuwa Taa au Msaidizi wa taa?

Taa, nikamwambia.

Ameniomba nisimtaje hapa, na nimemtii. Kwenye filamu jina lake lipo, herufi zilezile ndogo nyeupe juu ya weusi, mstari wa sita kutoka chini. Nimeongeza sekunde nne ili lisipite haraka.